Mistari Mitano Iliyokatwa

Kabla watu hawajamjua Audrey Jepkosgei kwa sura, walikuwa wameshamjua kwa sauti. Ukipiga simu kwenye zahanati nyingi za upande ule wa Maryland ukasema unataka Kiswahili, ndiye uliyeunganishwa naye: akupelekee maumivu yako kwa daktari, akurudishie maneno ya daktari bila kuyatia chumvi wala kuyapunguza. Mama mmoja wa Kikongo wa Temple Hills, aliyekuwa akiogopa kupasuliwa, alisema kwamba sauti ile ingemwambia aingie motoni, angeuliza tu mlango uko wapi. Jepkosgei aliposimuliwa alicheka mpaka akashika mbavu.

Alizaliwa Nandi, nje kidogo ya Kapsabet, binti wa mwalimu wa shule ya msingi aliyewafundisha wanawe Kiswahili kwa kuwasomesha gazeti kwa sauti. Nduguye alikuwa mmoja tu, Peterson, aliyemfuata kwa miaka tisa. Mama yao akiwa kwenye majani ya chai, Jepkosgei ndiye aliyembeba mgongoni, ndiye aliyemfunga kamba za viatu, na ndiye aliyempigania shuleni. Alipopata nafasi ya kuja Marekani alikuwa na miaka ishirini na minane. Akawaogesha wazee wa watu, akaolewa, akaachika, Mungu hakumjalia mtoto, akatulia katika nyumba ya vyumba viwili mjini Laurel, ghorofa ya pili, kisogoni mwa kituo cha treni. Peterson naye kule nyumbani akawa dereva wa lori njia ya Malaba, akamwoa Cherono, wakapata mabinti wawili.

Asubuhi, kabla ya zamu yake ya ukalimani, Jepkosgei alishika barabara ya 197 hadi Bowie kumhudumia Mzee Kamari. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi wa miaka themanini na mmoja, mzaliwa wa Washington, aliyejifunza Kiswahili ujanani katika darasa la jioni, akaliacha jina la kuzaliwa na kujiita Kamari. Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Alisema "Je, umeamkaje, Bi Audrey?" na akasubiri jibu lote. Miaka thelathini na mmoja alifanya kazi ya kupanga na kusoma nyaraka za Kijerumani zilizotekwa vitani. Sasa mikono yake ilitetemeka hata kijiko kilimshinda. Jepkosgei alimwogesha, akamlisha uji, akamnyoosha miguu, kisha akaketi kwenye kompyuta amwandikie makala aliyokuwa akiitunga kichwani: jinsi Hitler alivyochagua marafiki wa vita.

"Andika," alisema asubuhi moja ya Oktoba, macho kayafumba. "Mwaka elfu moja mia tisa thelathini na sita, maofisa wa wizara kadhaa walikaa mezani Berlin. Sheria zao za damu zilikuwa zimewaudhi Waturuki na Wamisri. Wajapani nao walikuwa wamelalamika kuitwa watu wa rangi. Na hao wote walihitajika."

"Wakafanya nini?"

"Walicheza na maneno. Huyu akasogezwa upande huu, yule akaachwa njia panda. Hawakuifuta imani yao hata kidogo. Waliitia kwenye droo, wakafunga, ufunguo wakabaki nao mfukoni."

Jepkosgei aliandika, vidole vikienda vyenyewe. Alizoea kuyasikia. Alisikia habari za mateka wa Kihindi waliotolewa makambini, wakavishwa sare ya Kijerumani na kuambiwa wanakwenda kuikomboa nchi yao, huku yule aliyewavisha akiwadhihaki faraghani. Alisikia pia habari za askari Waafrika wa jeshi la Ufaransa, waliojisalimisha mwaka wa arobaini wakapigwa risasi kwa makundi, kwa kuwa wao hawakuwa na faida ya kuwafanya waitwe ndugu. Alimwonea huruma mzee kwa kuishi na mambo hayo maisha yake yote. Halafu alimvisha soksi, akamwekea dawa zake, akaondoka.

Kazi nyingine ilimjia kwa barua pepe mwezi huohuo. Kampuni ya matangazo ilitafuta msomaji wa Kiswahili, mwanamke, sauti ya kuaminika. Aliyempigia simu alijiita Zola, na usemi wake ulimtambulisha kuwa mtu wa Kongo ya mashariki.

"Mama Audrey, sauti yako iko muzuri sana. Ba-client banafurahi. Utasoma tu, mama, kidogo kidogo."

Jepkosgei aliligeuza kabati la nguo kuwa studio. Mchana, watoto wa ghorofa ya juu wakiwa shuleni, alijifungia humo katikati ya makoti, kipaza sauti mbele yake, akasoma. Matangazo yalikuwa ya ajira: madereva wa malori, wapishi, mafundi umeme, katika nchi moja ya mbali yenye baridi ambayo kila mtu alijua iko vitani. Kazi za raia, yalisema. Mbali na mapigano.

"Mbali kiasi gani?" alimwuliza Zola.

"Mbali, mama. Vita iko kwa mpaka. Bo banaenda kwa mji."

Kufikia Krismasi alikuwa amesoma matangazo kumi na moja. Katika kila moja alisema "karibu nyumbani" mwishoni, maana ndivyo ilivyoandikwa.

Mwezi wa Januari, theluji ikiwa imegeuka tope jeusi kando ya barabara, Zola alimtumia hotuba. Kiongozi Mkuu wa nchi ile alikuwa ameongea na watu wa Afrika, na hotuba ilitakiwa ifasiriwe kutoka Kiingereza kisha isomwe kwa Kiswahili. Jepkosgei alifungua faili. Ilikuwa hotuba nzuri. Nchi yetu haikuwahi kumtia Mwafrika minyororo, ilisema. Waliowatawala ninyi ndio wanaotupiga sisi. Njooni kama ndugu. Lakini katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na mistari mitano iliyokatwa kwa wino mwekundu, na pembeni mtu ameandika: kwa wasikilizaji wa ndani tu, Afrika, ondoa.

Mistari yenyewe ilisomeka vizuri chini ya wino.

Damu yetu ni adimu, na historia haitatusamehe tukiimwaga ovyo.
Wapo watu ambao maumbile yamewapa wingi mahali pa akili.
Hao tutawaita ndugu.
Tutawaita ndugu maadamu mahandaki yana nafasi.
Vita vikiisha, mpaka wetu utakumbuka tena nani ni nani.

Aliisoma mara mbili. Akasimama, akaenda dirishani, akatazama treni ya Baltimore ikipita, akarudi akaisoma mara ya tatu kana kwamba ingekuwa imebadilika. Simu ikalia.

"Mama Audrey." Zola hakusalimia. "Ile faili ya kwanza, uifute. Si yako. Nakutumia ingine."

"Nimeshaifungua, Zola."

Nyuma ya Zola mtoto alikuwa akilia, na mtu akimbembeleza.

"Basi haukuiona," Zola alisema hatimaye. "Na miye sikuiona. Niko na batoto, mama."

Faili ya pili ilikuja ikiwa safi, mistari mitano haipo, na pengo limezibwa kwa ustadi kiasi kwamba hata aliyejua alihitaji kulitafuta. Hapa ndipo Jepkosgei alipofanya jambo ambalo baadaye alilisimulia bila kujitetea. Aliifasiri hotuba, akaingia kabatini, akaisoma. Alijiambia kwamba mkalimani ni mdomo tu, kwamba maneno si yake, kwamba akikataa watampata mwingine kabla jua halijazama. Lakini zahanatini kanuni yake ilikuwa moja: usiongeze, usipunguze. Alilijua hilo alipokuwa akisoma, na sauti haikumtetemeka.

Asubuhi yake alimweleza Mzee Kamari. Alimweleza akiwa amempigia magoti kumfunga viatu, ili asimtazame usoni. Mzee hakumkemea. Alimwomba ile faili ya kwanza, naye kwa kuwa hakuwa ameifuta, akaichapisha kwa mashine ya mzee na kumwekea mapajani. Karatasi ilitetemeka pamoja na mikono.

"Unajua," mzee alisema, "maandishi yake Hitler yalipotafsiriwa kwa Kijapani, maneno ya kuwadharau Wajapani yaliachwa nje. Mtu fulani aliketi mezani akaamua: hili libaki, hili litoke. Huenda alikuwa na ada za shule za kulipa. Huenda alipenda maua. Siku zote nimetaka kumjua mtu huyo."

"Unasema mimi ndiye huyo?"

"Sijui, Bi Audrey. Nina miaka themanini na mmoja na sijui mimi mwenyewe ningefanya nini. Nipe chai, tafadhali."

Siku hiyo alimwandikia Zola kwamba hatafanya tena kazi hiyo. Barua haikujibiwa. Akaona mambo yameisha, akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza katika juma lile.

Siku nane baadaye alikuwa ndani ya gari mbele ya nyumba ya Mzee Kamari, mkono kwenye kitasa cha mlango, Peterson alipompigia kwa namba asiyoijua. Alicheka kabla hata ya kusema hujambo, kicheko chake kilekile cha kupandia juu.

"Dada! Nadhani sasa ninajua baridi yenye ulikuwa unalalamikia. Masikio inataka kuanguka."

"Peterson, uko wapi?"

"Nilitaka iwe surprise. Ile kampuni ya lori si ilitufuta Novemba? Sikutaka kukusumbua. Halafu jamaa mmoja akaleta tangazo kwa simu, nikasikia, nikamwambia Cherono, ebu ngoja, hii si ni sauti ya Audrey? Hata kama hujataja jina, mimi naweza kukosa kujua sauti yako? Nikamwambia, kama ni Audrey amesema ni sawa, basi ni sawa. Nikaapply siku hiyohiyo."

Jepkosgei aliachia kitasa cha mlango.

"Dada? Unanisikia? Tuko Wakenya kumi na wawili hapa, kuna Watanzania pia. Kuna kijana anaitwa Lusekelo ananifundisha Kinyakyusa. Pasipoti wamechukua, wanasema ni ya kuregister. Na lori bado hatujaona. Kwanza wanatufundisha bunduki kidogo, wanasema ni ya usalama tu."

"Peterson, nisikilize. Toka hapo. Leo. Enda ubalozini, enda popote..."

"Toka niende wapi, na pasipoti iko kwao?" Alicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kifupi. "Wanatuita ndugu, dada. Asubuhi kwa foleni, ndugu, ndugu. Wacha niende, wanaita."

Mke wa jirani wa Mzee Kamari, aliyetoka kuchukua barua zake, alimkuta Jepkosgei bado ndani ya gari baada ya nusu saa, akagonga kioo kumwuliza kama anaumwa.

Mchana ule hakwenda kazini. Alirudi katika kabati lile, akawasha kipaza sauti, akataja jina lake kamili na jina la baba yake. Akasema ndiye aliyeyasoma matangazo yale. Akasema kuna mistari mitano iliyokatwa, akaisoma yote, polepole, kwa sauti ileile. Akamaliza kwa kusema: "Msiende. Na mliokwenda, tafuteni njia ya kurudi." Aliituma kwenye kundi la kanisa, kundi la wauguzi, makundi matatu ya watu wa Nandi. Kwa siku mbili sauti ilienda Eldoret, Mwanza, Bukavu, Mombasa. Watu asiowajua walimwandikia kumshukuru. Mwalimu mmoja wa Mbeya aliandika kwamba vijana wanne wa mtaani kwake wamezirarua fomu zao.

Siku ya nne likaja jibu.

Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada, katika maegesho ya kanisa. Nyaguthii, muuguzi aliyekuwa akiimba naye kwaya, alimjia na simu mkononi, uso umemsawijika. "Hebu sikia hii, Audrey."

Mimi ni Audrey Jepkosgei, simu ilisema. Ndugu zangu, sauti mliyoisikia juzi imetungwa na maadui wa Afrika. Mimi sijakataza mtu. Kaka yangu mwenyewe yuko huko, anafanya kazi, anakula vizuri. Karibu nyumbani.

Ilikuwa sauti yake. Si sauti ya kumwigiza. Yake, na kile kipumzi kidogo alichokivuta kabla ya kila sentensi ndefu, na namna r zake zilivyokaza Kinandi kila alipochoka. Alihisi kana kwamba mtu amevaa nguo zake na kuketi kitini kwake. Alikuwa amewapa saa nzima nzima za sauti hiyo, safi, bila kelele, kutoka katikati ya makoti. Wakati huo ndipo alipofahamu kwamba hawakuwa wakinunua matangazo peke yake. Na walimjua Peterson ni nani.

Wanawake wa kwaya walikuwa wamekusanyika.

"Sasa yako ni ipi?" Nyaguthii aliuliza kwa upole.

"Ya kwanza."

"Ya kwanza ipi? Ya kutuita, ama ya kutuonya?"

Zote mbili zilikuwa zake, na wale wanawake walilisoma hilo usoni mwake. Hawakumsema vibaya. Walianza tu kutafuta funguo za magari yao, mmoja mmoja.

Jumatatu alimwomba Mzee Kamari ruhusa ya kutumia meza ya jikoni. Mzee alisema ataketi naye. Alitaka avikwe tai, akavikwa. Walijirekodi kwa video, mchana kweupe, uso wa Jepkosgei wazi, kitambulisho chake mkononi, na ukurasa wa wino mwekundu umeinuliwa mbele ya kamera. Mzee Kamari akaongeza maneno machache kwa Kiswahili chake cha pasi: "Mimi nimesoma karatasi za mtawala mwingine aliyefanya hivi. Alipowahitaji watu aliowadharau, aliwasifu. Alipoacha kuwahitaji, hakuwahesabu hata miongoni mwa wafu wake. Tafadhali msinisikilize kwa sababu ya umri wangu. Someni mistari."

Video ilitazamwa zaidi kuliko sauti ilivyosikilizwa. Kwa siku tatu Jepkosgei alijiona kama mtu aliyefika ng'ambo ya mto.

Siku ya nne alikuwa dukani Laurel, anachagua ndizi, simu ikalia. Mwanamume, Kiswahili kizuri cha bara, adabu tele.

"Dada Audrey, za leo? Samahani kukukatiza shughuli. Naona siku hizi unapaki gari chini ya taa ya pili, si ya kwanza." Akataja namba ya gari, akataja namba ya mlango wake. "Sisi hatuna ugomvi na wewe. Nilitaka tu kukuarifu kuwa Peterson ni mtu mwema. Tumemweka jikoni. Anapika chai nzuri ya maziwa, hata maofisa wanaisifu. Tungependa aendelee kupika chai."

"Unataka nini?"

"Ile video haikupendezi, dada. Unaonekana umechoka."

Simu ikakatika. Watu walipita na vikapu vyao. Msichana wa duka alimwuliza kama amepata alichokitaka, naye akaitikia ndiyo.

Polisi aliowaendea waliandika maelezo yake kwa makini, wakampa karatasi yenye namba, wakamshauri abadilishe mahali pa kupaki. Kutoka hapo alimpigia Cherono. Kule ilikuwa jioni, na binti mkubwa alisikika akisoma kwa sauti. Jepkosgei alimweleza yule mtu alivyosema, neno kwa neno, kama afanyavyo kazini.

"Futa," Cherono alisema.

"Cherono, watu wanaiona ile video wanaacha kwenda. Kuna wanne Mbeya..."

"Mimi nina mmoja. Futa, dada. Nakuomba."

Akaifuta. Mzee Kamari alipoambiwa siku hiyo hakutaka kuandikiwa makala. Lakini kitu kikishaachwa mitandaoni ni kama unga umwagikao kwenye upepo; watu walikuwa wamekwisha kukinakili, na kila Jepkosgei alipokiona kimerushwa upya na mtu asiyemjua, alimwandikia kumsihi akiondoe. Wengine walikubali. Wengine walimjibu kwamba sasa wamejua amehongwa.

Mwezi wa Aprili Peterson aliacha kupiga simu. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa sekunde kumi na moja, wa kunong'ona: "Dada, jikoni wametutoa. Huku mbele hawatuiti ndugu. Wana jina lingine, sitaki kulisema. Lusekelo amekufa jana. Mwambie Cherono nime..." Basi.

Wiki saba zilipita. Jepkosgei aliendelea kwenda Bowie, aliendelea kumfasiria daktari. Alipungua hata viatu vikampwaya. Nyaguthii, aliyekuwa amemwepuka tangu siku ile ya maegesho, alianza kumletea chakula bila kuuliza maswali, akamkalia mezani mpaka amalize.

Mwishoni mwa Mei upande wa pili wa vita ulitoa video ya mateka. Cherono ndiye aliyeiona kwanza. Peterson alikuwa wa tatu katika safu, ndevu zimeota ovyo, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa kichafu. Alikuwa hai. Jepkosgei alipiga kelele pale jikoni mpaka Mzee Kamari akajaribu kuinuka kitini peke yake na nusura aanguke. Walitazama pamoja. Mhoji alikuwa na mkalimani anayeuliza kwa Kiingereza.

Ulikujaje huku? Kwa tangazo, alisema Peterson. Tangazo la nani? La simu, sauti ya mwanamke. Unamjua?

Peterson aliitazama kamera. Jepkosgei aliyajua macho yale tangu yalipokuwa ya mtoto mchanga mgongoni mwake.

"Hapana," Peterson alisema. "Simjui."

Kubadilishana mateka kulitangazwa mwezi wa Agosti. Mamia walirudi pande zote mbili, na televisheni zikaonyesha mabasi, bendera, na akina mama wakilia. Jepkosgei alisoma orodha ya upande wa Kiongozi Mkuu, jina kwa jina, akaanza tena kutoka chini kupanda juu. Hapakuwa na jina la Kiafrika hata moja. Mwandishi wa habari alipomwuliza msemaji wa serikali ile, alijibiwa kwamba wageni walikuja kwa hiari yao wenyewe, na taifa huomba warudishwe watoto wake. Waliowashika nao walisema hakuna aliyewaulizia hao.

"Hakuwahesabu," Mzee Kamari alisema kwa Kiingereza, akijisemea. Kisha alimwomba Jepkosgei msamaha, ingawa hakusema wa nini.

Jepkosgei alimpigia Cherono siku hiyohiyo. Cherono alimsikiliza mpaka mwisho. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia na mtu akichota maji.

"Alisema hakujui," Cherono alisema.

"Nilisikia."

"Siku tangazo lilikuja, alilicheza mara tatu. Aliita majirani. Alisema, huyu ndiye alinibeba. Audrey, usinitumie sauti tena. Sitaki kuisikia. Ukipata habari yoyote, niandikie."

Tangu siku hiyo akawa mwandishi wa barua. Kila Ijumaa aliandika kwa shirika linaloshughulikia mateka, kwa wizara kule nyumbani, kwa mbunge wa huku na mbunge wa kule, Mzee Kamari akimsahihishia Kiingereza. Majibu machache yaliyokuja yalisema jambo lake linashughulikiwa. Alithibitishiwa kitu kimoja tu: Peterson yuko kambini, mkono unapona, na hakuna serikali iliyoomba arudishwe.

Mwezi wa Oktoba tangazo jipya lilitoka. Safari hii walitafutwa wanawake: wapishi, wafuaji, wasaidizi wa wagonjwa, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Lilisomwa na Audrey Jepkosgei, na safari hii lilitaja jina. Alilisikiliza akiwa amesimama katikati ya sebule yake Laurel, akasikia mahali alipotabasamu. Alimwandikia Cherono harakaharaka, akihofia wasichana wa kijiji na mabinti wa kakake watakaokua: Cherono, kuna tangazo jipya. Waambie wote hapo. Si mimi.

Alama mbili zikageuka bluu. Akangoja. Baada ya muda mrefu likaja jibu la neno moja.

Nitajuaje?